Walzi Mchafukoge

Wiki chache baada ya kumzika Mwalimu Ngonyani, sisi tuliosoma kwake tulikutana Upanga kumkumbuka. Tulikaa kwenye baraza ya mgahawa mmoja jirani na hospitali, watu wazima wenye miwani na dawa za presha mikobani, tukaagiza mishkaki na kuku wa kupaka kana kwamba bado tuna matumbo ya chuo. Mambo yalikwenda vizuri mpaka Edwini, ambaye siku hizi ni mkurugenzi na ana dereva wa kumngoja nje, alipoinua glasi yake ya juisi ya ukwaju akasema, "Jamani, mnaikumbuka ile kozi ya kurukaruka? Hivi ilitusaidia nini ile?" Meza nzima ikaangua kicheko, kisha macho yakahamia kwangu, maana wote walikumbuka kwamba ni mimi niliyefelishwa kwenye kozi hiyo. Nikamwambia, "Mimi ilinisaidia, Edwini. Na wewe ilikusaidia, ila unaona haya kusema." Kicheko kikakatika. Mtu mmoja akaomba asogezewe chachandu. Nilirudi nyumbani nikakaa kitini bila kuvua mtandio, nikaona kwamba nimechoka na swali hilo. Nimeulizwa na wakwe, nimeulizwa na watu waliokuwa wananihoji kazi, nimeulizwa na mwanangu wa kumzaa. Basi naandika mwaka ule ulivyokuwa. Anayetaka kucheka na acheke akishamaliza kusoma.

Kozi yenyewe iliitwa Historia na Uthamini wa Dansi za Magharibi. Ilikuwa miaka ile televisheni zilipoanza kuingia majumbani Dar es Salaam, na idara yetu ilikuwa na televisheni moja na deki moja ya video, vyote vikifungiwa ndani ya kabati la chuma ambalo ufunguo wake Mwalimu Ngonyani aliuvaa shingoni kama hirizi. Niliichagua kwa ubishi. Nilikuwa nimepanga kuchukua uandishi wa tamthilia, lakini siku ya kujiandikisha msichana aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni aligeuka, akauangalia mtandio wangu, akaniambia kwa upole kabisa, "Hiyo ya dansi haikufai wewe, dada. Humo watu wanavaa nguo za kubana." Hakuwa na ubaya. Ila mimi nilishakuwa na umri wa kuchoka kuambiwa kipi kinanifaa, na nilipofika dirishani nikataja dansi kabla sijafikiri. Sasa hivi nikiwasikia vijana wakieleza walivyopanga maisha yao hatua kwa hatua, nakaa kimya. Yangu yaligeuka pale dirishani, kwa sababu ya hasira ya dakika moja, na sijapata kuijutia.

Darasa letu lilikuwa chumba cha ghorofa ya juu chenye joto la kuoka mkate. Kwa kuwa picha haikuonekana vizuri kwenye mwanga, tulitundika mablanketi madirishani, tukakaa gizani mchana kweupe huku jasho likituchirizika mgongoni. Mwalimu Ngonyani alikuwa mrefu, mwembamba, na hakulegeza tai hata mwezi wa pili. Alikuwa amesoma nchi za baridi miaka mingi, akarudi na sanduku la kanda. Alifundisha kwa sauti ya chini, kama mtu anayesimulia habari za ukoo wake: wafalme wa Ufaransa waliocheza wenyewe mbele ya watumishi wao, namna walivyogeuza nyayo nje ili viatu vionekane, namna michezo ile ya ikulu ilivyohamia jukwaani ikawa baleti. Kanda ya kwanza aliyotuwekea ilianza na wanaume waliovaa soksi zilizopanda mpaka kiunoni. Darasa lilicheka mpaka watu wakashika madawati. Edwini, kijana wa Moshi aliyekaa karibu nami, alijifuta machozi. Halafu akatokea mwanamke mwenye nguo nyeupe, akasimama kwenye ncha za vidole, akageuka akatupa mgongo, na mimi nikasahau kucheka. Uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtu anayesikiliza redio, lakini mgongo ulikuwa unafanya kazi ya mpagazi wa Kariakoo mwenye gunia la sukari kichwani, kila msuli ukisimama na kulala kwa zamu ili juu kusionekane taabu yoyote. Kazi ile niliijua. Niliiona kila asubuhi chini ya dirisha letu. Sikujua kwamba mtu anaweza kuifanya ili ipendeze tu. Niliipenda dansi ile, naandika hivyo bila kuzunguka, na nilipotoka darasani jua likanipiga usoni nikaona hata watu wa barabarani wanavyotembea ni kitu cha kutazamwa.

Nyumbani kwangu wakati huo kulikuwa Mchafukoge, jirani na Kariakoo, kwa dada mkubwa wa mama yangu, Bi Zainabu, ambaye nilimwita Mamkubwa. Alikaa kwenye fleti ya ghorofa ya pili, juu ya duka la vipuri, yenye sebule ndefu ya sakafu ya terazo. Friji ilikaa sebuleni ikiwa imefunikwa kitambaa cha kufuma kwa mkono, makochi mazito yameegemezwa ukutani, na kwenye roshani yenye nondo alianika khanga zake kwa mpangilio wa rangi. Alikuwa mjane, mnene wa kupendeza, mwenye maneno machache. Siku nzima alikuwa ndani. Hata sokoni alituma watu, na mimi nikadhani ni magoti. Kodi ya fleti alilipiwa na mdogo wake, Mjomba Seif, mwenye duka la vitambaa Kariakoo, na kila Ijumaa baada ya swala Mjomba alikuja kula kwetu. Siku hiyo nyumba ilinukia tui na pilipili manga tangu asubuhi. Aliingia na kanzu yake iliyonyooshwa, akasema "Shikamoo, dada," kwa adabu zote, naye akamwitikia "Marahaba, Seif, pita," halafu akikaa tu kwenye mkeka yeye ndiye aliyekuwa mkubwa.

Ijumaa moja, wali wa nazi na mchuzi wa papa mbele yetu, aliniuliza, "Rukia, muhula huu mnasoma nini?"

"Kiswahili, fasihi, na historia ya dansi, Mjomba."

Tonge likasimama njiani. "Dansi gani?"

"Za Magharibi. Tunasoma zilivyoanza na zilivyoenea."

"Yaani serikali inakusomesha kucheza?"

"Inanisomesha habari za kucheza."

"Sikiliza," akasema, bila kupandisha sauti. "Uhasibu upo, ualimu upo. Nikija Ijumaa nyingine uniambie umebadilisha."

"Haiwezekani, Mjomba."

"Haiwezekani au hutaki?"

Mamkubwa alinikazia macho. Ningeweza kusema haiwezekani, tarehe imepita, na lingekwisha hapo. "Sitaki," nikasema.

Nilitumwa jikoni kuosha vyombo ambavyo hata hatujamaliza kulia. Ukuta wa jiko letu ulikuwa na tundu za hewa juu, na sauti zilipita kama moshi. Nikasikia Mjomba akisema, "Unataka aishie kama wewe, dada? Umesahau Baba alivyokufungia? Umesahau mtaa mzima ulivyolitaja jina lako?" Nikafunga bomba ili nisipitwe. Kisha Mamkubwa akajibu, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Mimi sijasahau. Wewe ndiye umesahau. Ulikuwa mdogo lakini ulikuwa unaniona." Mjomba akauliza, "Nilikuwa nakuona vipi?" Akamwambia, "Nilikuwa hodari, Seif. Hilo mbona hulisemi?"

Kesho yake asubuhi tulikaa roshani tunachagua mchele kwenye sinia, nikamuuliza waziwazi. Nilidhani atanifukuza. Aliendelea kutoa chuya moja moja, akizungumza na sinia. Kabla ya uhuru, alisema, vijana wa Kariakoo walikuwa na vyama vyao vya dansi. Walivaa suti na glovu nyeupe, wasichana magauni ya kufika chini, wakacheza dansi za wawili wawili, walzi na foksitroti, kwenye kumbi, na walikuwepo watu wa kukaa mezani kuamua nani amecheza vizuri zaidi. Yeye aliaga nyumbani kwamba anakwenda kujifunza cherehani. Alicheza na karani mmoja mrefu ambaye, alisema kwa kuzingatia haki, alikuwa mzuri wa foksitroti lakini kwenye walzi mzito. Baba yake alipopata habari hakumpiga. "Angenipiga ningepona," alisema. "Alinifungia ndani mpaka nilipoolewa. Mume wangu naye akaambiwa anifungie, akafunga. Alipokufa nikawa nimeshazoea, najifungia mwenyewe." Kisha akainuka na sinia lake. "Usinitaje jina huko shuleni kwenu," akaongeza, akaenda kubandika chungu. Mimi nilibaki na mchele mkononi. Miezi yote ile nilikuwa nimekula na kulala karibu na mtu aliyekuwa na habari hizo kifuani, na nilimwona kama mama mtu mzima mwenye magoti mabovu.

Haikupita muda Mwalimu Ngonyani akafika kwenye somo la walzi. Alitueleza kwamba Ulaya yenyewe dansi hiyo ililaaniwa ilipoingia mijini. Mwanamume kumshika mwanamke kiunoni mbele za watu lilikuwa jambo la aibu, wahubiri wakalisema makanisani, kina baba wakawakataza mabinti zao. Wenzangu waliandika, mimi nilikuwa namwona Mamkubwa dirishani mwa nyumba ya baba yake. Kipindi kilipokwisha nikamfuata Mwalimu kwenye korido. Kila mmoja wetu alitakiwa achague dansi moja, aiandikie, kisha aiwasilishe mbele ya darasa.

"Nataka walzi, Mwalimu."

"Vizuri sana. Ya Ujerumani au ya Austria?"

"Ya Kariakoo."

Alitabasamu akingoja nicheke. Alipoona sicheki akaondoa tabasamu. "Kule walikuwa wanaiga tu, Rukia. Kuiga hakuna historia."

"Si ulitufundisha kwamba hata Wafaransa waliipata baleti kwa Wataliano?"

Akauchezea ufunguo wake shingoni. "Chagua mada nyingine," akasema, akashuka ngazi.

Sikuchagua. Siku hizo nilikuwa nimebanwa pande mbili, na nataka nieleweke vizuri hapa, kwa sababu watu hupenda kunisikiliza upande mmoja tu. Kila Ijumaa Mjomba aliniuliza kama nimebadilisha, na nilipokataa aliniambia dansi ile ni uchafu wa Wazungu na haina nafasi kwetu. Mwalimu aliniambia ni hazina ya Wazungu na sisi hatuna nafasi ndani yake. Wote wawili walikuwa wamekubaliana bila kuonana: ile ya kule, hii ya huku, na mtu kama Mamkubwa hakuwahi kuwepo. Kumbe alikuwepo, alikuwa jikoni anakuna nazi. Nikaazima kanda ya muziki kwa Mwalimu, nikamwambia ni ya kusikiliza, nikaileta nyumbani, nikaiweka kwenye redio kaseta juu ya friji. Mamkubwa alitoka jikoni na mikono yenye machicha. Alisimama mlangoni wimbo wote. Ulipokwisha akasema, "Rudisha mwanzo," akaenda kunawa.

Tuliyasukuma makochi. Alifunga khanga kiunoni, akanishika mkono wa kulia, akaweka wangu wa kushoto begani kwake, akawa yeye ndiye mwanamume. "Toka, pita, funga," alinihesabia. "Toka, pita, funga. Usiangalie miguu, haijakimbia." Alinuka nazi na udi. Mwili ule mnene niliouzoea ukihema kwenye ngazi ulikuwa mwepesi kuliko wangu. Ulijua unakokwenda kabla muziki haujafika, na mimi nikabebwa nyuma yake kama jani. Tulifanya hivyo kila alasiri. Nje mikokoteni ilipita, wapagazi wakipiga kelele za kutaka njia, muuza kahawa akigonganisha vikombe vyake, na humo ndani mama wa Kiswahili akinirekebisha mabega kwa lugha ambayo kitabu cha Mwalimu hakikuwa nayo. Alisema walzi ya Kariakoo ilikuwa na kusita kidogo kabla ya kugeuka. Walikuita kuvuta pumzi. Hakujua kama Wazungu walikuwa nako na hakutaka kujua. "Bila hiyo unakuwa gurudumu," alisema.

Ijumaa tuliyosahau saa ndiyo iliyoamua mambo. Muziki ulikuwa juu, mlango hatukufunga komeo, nikageuka nikamwona Mjomba Seif amesimama ndani na kofia mkononi. Miguu yangu ikasimama yenyewe. Mkono wa Mamkubwa mgongoni kwangu haukusimama. "Toka," akaniambia, na mimi nikabaki nimeganda. "Rukia, toka, pita, funga." Nikatoka. Mjomba akasema, "Dada." Akasema tena, kwa nguvu, "Dada, zima hicho kitu!" Mamkubwa, akiwa ameshanigeuza na kuja usawa wake, akamwambia kwa utulivu wote, "Wimbo ukiisha." Nimeona majukwaa makubwa baada ya hapo, nimekaa kwenye viti vya mahameli nchi za watu, lakini sijaona kitu kilichonitetemesha kama wimbo ule uliokataa kwisha, sisi wawili tukizunguka sakafu ya terazo na mwenye kulipa kodi ya sakafu hiyo akitungoja. Ulipokwisha, Mamkubwa alivua khanga kiunoni, akaikunja, akasema, "Sasa shikamoo yako." Mjomba akaitoa, nusu sauti. "Marahaba. Karibu chakula." Hakula. Alituangalia mmoja mmoja kama watu aliowakuta nyumbani kwake kwa makosa, akavaa kofia, na tukasikia kandambili zake ngazi nzima mpaka chini.

Hakurudi Ijumaa iliyofuata, na kodi nayo haikuja. Mamkubwa hakulia wala hakutuma mtu kumwangukia. Alitoa chumba changu akampangisha muuguzi wa hospitali ya Upanga, dada mmoja mpole aliyelala mchana. Mimi nikahamia sebuleni kwenye godoro ambalo tulilikunja kila alasiri ili tupate nafasi, na muziki tukaupunguza mpaka ukawa kama mbu. Tulikula maharage ya nazi siku nyingi mfululizo. Sitaki kuipamba hali hiyo. Kuna asubuhi nilifunga begi niende kumwomba Mjomba radhi, na Mamkubwa aliponiona na begi aliuliza tu, "Unakwenda kuomba radhi ya nini?" Nikakaa chini, nikafungua begi.

Siku ya kuwasilisha, darasa lilijaa kuliko kawaida. Walimu wengine wa idara walikuwa wamekuja na kukaa nyuma. Wengi wao hawakuipenda kozi ile, walisema ni mambo ya Wazungu na inakula saa za ngoma zetu, na sisi wanafunzi tulijua wanatafuta sababu ya kuifuta. Mwalimu Ngonyani alikaa mbele, tai imekazwa. Nilimwomba Edwini awe mwenzangu, kwa kuwa ndiye pekee aliyekubali kufundishwa, na nilimfundisha kwenye ngazi za nyuma za chuo siku kadhaa. Nikasimama na mtandio wangu na gauni refu, nikaeleza walzi ilivyolaaniwa Ulaya, kisha nikaeleza ilivyolaaniwa mtaa wa jirani, na nikasimulia habari za msichana mmoja wa Kariakoo aliyefungiwa ndani kwa kuicheza vizuri. Sikumtaja jina. Halafu nikaweka kanda. Edwini alikuwa anahesabu kwa midomo, jasho linamtiririka mpaka kwenye kola, lakini tulipofika kwenye kuvuta pumzi akasita pamoja nami, na chumba kizima kikasita. Nilisikia. Hakuna aliyecheka.

Mzee mmoja wa idara, wa nyuma, aliinua mkono. "Kwa hiyo, binti, unatuambia walzi ni ngoma yetu?"

"Nawaambia ilichezwa hapa, na kuna mtu aliilipia kwa maisha yake," nikajibu. "Jina ipeni mnalotaka."

Mwalimu Ngonyani aliniita ofisini alasiri. Kazi yangu ilikuwa mezani kwake, safi, hajaigusa kwa kalamu. Aliniambia nikae, nikasema nitasimama. "Wenzangu wanataka kozi hii ife," akasema. "Nimeipigania tangu nirudi nchini. Nikipeleka kazi hii kwa mtahini wa nje, watasema hata mimi mwenyewe sikijui ninachofundisha. Andika upya. Walzi ya Ulaya tu, ukurasa kwa ukurasa. Nitakupa alama nzuri."

"Na Kariakoo?"

"Kariakoo iache."

"Siachi, Mwalimu."

"Utafeli, Rukia."

"Nifelishe."

Alivua miwani akaifuta kwa ncha ya tai, na bila miwani alionekana kijana na amechoka. "Ulicheza vizuri," akasema. "Sijui kama unajua. Mimi sikuwahi kucheza kule. Miaka yote ile nilikaa kwenye kiti nikitazama." Nikamwambia, "Basi andika kwamba nimecheza vizuri." Akajibu kwamba hakuna mahali pa kuandika hilo. Alinifelisha. Kozi yenyewe ilifutwa mwaka uliofuata, pamoja na utii wake wote, na mimi nikamaliza chuo kwa kuchukua tamthilia niliyoikwepa mwanzoni. Cheti changu kinayo alama ile mpaka leo, na kila nilipokipeleka kuomba kazi niliona jicho la mwajiri likitua hapo. Nililiacha litue. Nimefundisha sekondari, nimefundisha maharusi namna ya kuingia ukumbini bila kukanyagana, na sasa nina chumba changu Kariakoo, ghorofa ya tatu juu ya maduka ya simu, ambako kila Jumamosi asubuhi kina mama wanakuja kucheza walzi, wengine na baibui zao. Mwalimu Ngonyani alifika pale mara moja, mzee tayari, akakaa kwenye kiti akatazama. Nilimpa mkono nimwinue. Alikataa, na nikamwachia hiari yake. Nilipomtilia udongo kaburini sikuwa na kinyongo naye. Ila sikubali aliposema Kariakoo niiache, sikukubali siku ile na sikubali akiwa kaburini.

Matokeo yalipobandikwa nilirudi Mchafukoge kwa miguu, nikamkuta Mamkubwa jikoni anapara samaki. Nikamwambia nimefeli.

"Walikwambia uandike upya?" akauliza.

"Waliniambia."

"Ukaandika?"

"Sikuandika."

Akaweka kisu. Alinawa mikono kwa ndimu, taratibu, kidole kwa kidole, akaingia chumbani akatoka na baibui. "Twende," akasema. Nilimuuliza wapi, akawa ameshafika mlangoni. Nilikuwa sijamwona akishuka ngazi zile kwa jambo lisilokuwa msiba au hospitali. Tulikwenda mpaka Kariakoo, yeye mbele, akipita katikati ya machinga na marobota kama mtu aliyeondoka jana, tukaingia duka la Mjomba Seif wakati limejaa wateja. Mjomba alituona akabadilika rangi, lakini mbele za watu hakuwa na jinsi. "Shikamoo, dada."

"Marahaba. Nataka kitambaa cha gauni."

"La harusi ya nani?"

"La dansi," Mamkubwa akasema, na sauti yake ikafika mpaka kwa wateja wa mlangoni. "La kwangu."

Mkasi wa kijana wa duka ukasimama. Mjomba akainama juu ya kaunta. "Dada, tafadhali. Twende huko nyuma tukazungumze."

"Nyuma nimekaa miaka mingi, Seif. Nikatie hapahapa."

Aliangalia wateja, akaangalia majora yaliyopangwa nyuma yake kuanzia sakafuni mpaka darini, hariri, satini, kila rangi. "Sina," akasema.

"Huna," Mamkubwa akarudia, bila hasira. "Haya."

Akavuka barabara mpaka duka la pili, la mzee wa Kiarabu ambaye Mjomba alikuwa hasemi naye, akachagua satini ya rangi ya zambarau inayong'aa mpaka unafumba macho. Mzee yule alitaka kuifunga kwenye karatasi, Mamkubwa akamzuia. Aliitandaza begani juu ya baibui jeusi, ikamshuka kifuani na mgongoni. Njia fupi ya kurudi nyumbani ilikuwa mkono wa kulia. Yeye akashika mkono wa kushoto, unaopita mbele ya mlango wa mdogo wake. Watu wa madukani walitoka kutazama, Mjomba miongoni mwao. Mkokoteni uliojaa vyungu ulikuwa unakuja mbele yetu, mpagazi akipiga kelele apishwe, na mimi nikamvuta Mamkubwa mkono tukae pembeni. Aliutoa mkono wake kwangu. Hakusogea. Mpagazi akakaza miguu, akausimamisha mzigo ule wote hatua chache mbele yake, akamwangalia kuanzia viatu mpaka kwenye satini.

"Pita, mama," akasema.

Akapita.